Msuko wa Siri: Muhammed Said Abdulla na Riwaya ya Upelelezi ya Kiswahili

Utangulizi

Herufi za mwanzo za majina matatu ya Muhammed Said Abdulla, zikisomwa pamoja, zinaleta jina la mpelelezi wa kwanza mashuhuri katika riwaya ya Kiswahili: Bwana Msa. Mwandishi alimpa mhusika wake jina ambalo lilikwisha kuandikwa juu ya jalada la kitabu, mahali ambapo kila msomaji angeliliona, na ambapo wengi walipita bila kuliona. Jambo hili dogo linafaa kuwa mlango wa mhadhara huu, kwani limebeba kanuni ambayo mwandishi huyo aliifuata katika kazi zake: siri hukaa salama zaidi mahali palipo wazi, mbele ya watu waliozoea kutopatazama.

Muhammed Said Abdulla alizaliwa mwaka 1918, akafariki mwaka 1991. Riwaya zake saba zinazojulikana zaidi zilichapishwa katika kipindi cha robo karne: Mzimu wa Watu wa Kale (1960), Kisima cha Giningi (1968), Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974), Mke Mmoja Waume Watatu (1975), Mwana wa Yungi Hulewa (1976) na Kosa la Bwana Msa (1984). Vitabu hivi vimesomwa na vizazi kadhaa katika Afrika Mashariki. Hata hivyo, nafasi yake katika historia ya fasihi ya Kiswahili imebaki na utata. Wasomaji walimpenda, wahakiki, kwa sehemu kubwa, walimweka katika rafu ya riwaya pendwa, yaani kazi za kuburudisha zisizohitaji kusomwa mara mbili.

Mhadhara huu unadai kwamba uainishaji huo umeficha jambo kubwa. Usanii wa Muhammed Said Abdulla ni usanii wa msuko, na msuko wake umejengwa kwa ujuzi wa lugha na ujuzi wa jamii. Ili kuuona, hapana budi kuyaangalia kwanza maisha yake, kisha chemchemi alizochota, na hatimaye mafunzo ya msuko yaliyomo ndani ya visa vyenyewe.

Mkaguzi na mhariri

Mwandishi huyu alizaliwa Makunduchi, kusini mwa kisiwa cha Unguja. Kwa mwanaisimu, jina la mahali hapo halipiti hivi hivi. Makunduchi ni makao ya lahaja ambayo wenyeji na wataalamu wameiita Kimakunduchi, Kihadimu au Kikae. Jina la mwisho lina neno kae, ambalo ni kale baada ya kudondoshwa kwa l. Kikae, kwa maana hiyo, ni lugha ya kale. Makunduchi ni mahali pa sherehe za Mwaka Kogwa pia, na pa mizimu inayopelekewa ubani na kuombwa. Mtu aliyezaliwa huko hakuhitaji kwenda maktaba ili ajue nini maana ya mzimu wa watu wa kale.

Alipomaliza masomo mwaka 1938, aliajiriwa kuwa mkaguzi katika idara ya afya ya umma, na kazi hiyo akaifanya kwa muda wa miaka kumi. Wahakiki wengi huitaja ajira hii kwa sentensi moja na kuendelea mbele, ilhali inastahili kuzingatiwa. Mkaguzi wa afya ni mtu anayeingia katika nyumba za watu. Hutazama kisima, choo, mtaro na ua; huuliza nani analala wapi na nani ameugua lini; huhitaji kutofautisha kati ya lile aliloambiwa na lile analoliona kwa macho yake. Zaidi ya hayo, anajua kwamba maradhi yana chanzo, na kwamba chanzo hicho mara nyingi kimo katika kitu ambacho wenye nyumba wamekizoea mno hata hawakioni. Arthur Conan Doyle, Mskoti aliyemuumba Sherlock Holmes, alikuwa daktari, na alikiri kwamba mhusika wake alitokana kwa sehemu na mwalimu wake Joseph Bell wa Edinburgh, aliyekuwa hodari wa kumsoma mgonjwa kabla hajafungua kinywa. Hivyo waandishi hawa wawili, mmoja wa Uingereza na mmoja wa Unguja, waliifikia hadithi ya upelelezi kutoka katika taaluma moja: afya ya watu.

Mwaka 1948 Muhammed Said Abdulla aliiacha kazi ya ukaguzi, akawa mhariri wa gazeti la Zanzibari. Katika muongo uliofuata alikuwa pia mhariri msaidizi wa Al-Falaq, Al-Mahda na Afrika Kwetu. Orodha hii si ya kawaida. Al-Falaq lilikuwa gazeti la Jumuiya ya Waarabu, na mwaka 1954 viongozi wa Jumuiya hiyo walishtakiwa kwa uchochezi kutokana na makala zake. Afrika Kwetu lilisemea upande wa Waafrika. Katika zama ambazo Wazanzibari wanazikumbuka kwa jina la zama za siasa, ambapo watu waliulizana upande hata katika maziko na harusi, mtu aliyefanya kazi katika vyumba vya magazeti yaliyopingana alijifunza kwamba tukio moja laweza kusimuliwa mara mbili na wasimuliaji wote wawili wakaapa. Somo hilo ndilo msingi wa kila hadithi ya upelelezi, kwa kuwa mpelelezi huitwa pale masimulizi yanapogongana.

Mwaka 1958 alikabidhiwa uhariri wa Mkulima, jarida la kilimo, akabaki nalo hadi alipostaafu mwaka 1968, akiwa amevuka Mapinduzi ya Januari 1964 na Muungano wa Aprili mwaka huo. Mpangilio wa miaka ya vitabu vyake unaeleza mengi. Kati ya riwaya ya kwanza na ya pili kuna miaka minane, nayo ni miaka ya uhariri na ya misukosuko mikubwa ya kisiasa. Riwaya ya pili ilitoka mwaka uleule aliostaafu. Kisha, kuanzia mwaka 1973 hadi 1976, alipokuwa na umri wa miaka 55 na zaidi, zilitoka riwaya nne, moja kila mwaka. Huyu si kijana aliyeandika kwa pupa ya ujana. Ni mtu aliyekusanya kwa muda wa miaka thelathini, kisha akaandika.

Chemchemi za hadithi

Wahakiki wamekubaliana kwamba Bwana Msa ana undugu na Sherlock Holmes. Ana kiko chake, ana rafiki anayeandamana naye, Najum, na ana askari, Inspekta Seif, ambaye uchunguzi wake wa kiserikali haufiki mbali bila msaada wa raia huyu mwenye akili. Mfano huo haufichwi. Lakini kusema kwamba riwaya ya upelelezi ya Kiswahili ni nakala ya riwaya ya Kiingereza ni kusahau kwamba msikilizaji wa pwani alikwisha kuzoea taharuki tangu zamani.

Mfano mzuri ni kisa cha matofaa matatu katika Alfu Lela Ulela. Mvuvi anatoa sanduku katika mto wa Tigris. Ndani yake mna maiti ya mwanamke. Khalifa Harun Rashid anamwamuru waziri wake Jaafar amtafute muuaji kwa muda wa siku tatu, ama sivyo atanyongwa yeye. Kuna maiti, kuna swali, kuna muda unaokwisha. Kila kiungo cha riwaya ya taharuki kimo, isipokuwa kimoja: Jaafar hapelelezi. Anakaa nyumbani akingoja kudra, na ufumbuzi unakuja kwa bahati, tofaa linapoonekana kwa binti yake. Tofauti kati ya kisa hicho na visa vya Bwana Msa ndiyo tofauti kati ya hadithi ya kale na riwaya ya upelelezi. Katika ya kwanza, ukweli hujifunua wenyewe wakati ukiwadia. Katika ya pili, ukweli hutafutwa na mtu kwa kutumia akili.

Chemchemi nyingine ni kitendawili. Kitendawili cha Kiswahili ni mkataba kati ya mtegaji na mteguaji: kila kinachohitajika ili jawabu lipatikane kimo katika maneno yaliyosemwa, na anayeshindwa hutoa mji. Mtegaji hana haki ya kuleta jawabu ambalo maneno yake hayakulibeba. Sharti hilo, ambalo waandishi wa Ulaya walilizungumza kwa urefu katika miaka ya 1920, watoto wa Unguja walilijua barazani kabla ya kwenda skuli. Na majina ya vitabu vya Muhammed Said Abdulla yanaonyesha kwamba yeye aliliona hivyo. Mke Mmoja Waume Watatu ni kitendawili kamili: maneno manne yanayotaja jambo ambalo sheria na desturi zinalikataa, na msomaji analazimika kuuliza limewezekanaje. Siri ya Sifuri inaahidi kitu ndani ya kisicho kitu. Mwana wa Yungi Hulewa ina umbo la methali, pamoja na kiambishi hu- ambacho ndicho hali ya kitenzi ya methali nyingi za Kiswahili, kama katika haba na haba hujaza kibaba.

Mzimu na akili

Riwaya ya kwanza ilizaliwa kutokana na shindano. East African Literature Bureau, iliyoanzishwa mwaka 1948, iliendesha shindano la uandishi wa hadithi za Kiswahili la mwaka 1957 na 1958, na Mzimu wa Watu wa Kale ikapata tuzo ya kwanza. Ili kuelewa upya wa kazi hiyo, ni vema kukumbuka hali ya nathari ya Kiswahili wakati ule. Wasomaji wa shule walikuwa wamelelewa kwa tafsiri, kama vile Mashimo ya Mfalme Sulemani ya mwaka 1929. James Mbotela alikuwa ameandika Uhuru wa Watumwa mwaka 1934. Shaaban Robert alikuwa ameipandisha nathari daraja ya juu kwa Kusadikika (1951) na Adili na Nduguze (1952), lakini nchi zake zilikuwa za kubuni na watu wake walibeba majina ya sifa zao. Muhammed Said Abdulla alileta jambo tofauti: kisiwa kinachojulikana, watu wanaozungumza kama wanavyozungumza watu, na tukio ambalo lingeweza kuwa gazetini siku ya pili.

Tukio lenyewe ni mauaji, na maiti inakutwa mzimuni. Neno mzimu lina uzito wake. Kisarufi liko katika ngeli ya mti na miti, wala si katika ngeli ya watu. Nalo hutaja roho ya waliokufa na vilevile mahali roho hiyo inapokaa na kutambikiwa. Anayesema kwamba mtu amekufa mzimuni anaweza kuwa anataja mahali tu, lakini msikilizaji husikia na sababu. Kwa hiyo jawabu la uwongo limekwisha kutolewa na lugha kabla mpelelezi hajafika. Riwaya nzima ni jitihada ya kuvitenganisha vitu viwili ambavyo neno moja limeviunganisha: mahali pa kifo na chanzo cha kifo.

Mwaka 1929 Ronald Knox, kasisi wa Kiingereza aliyeandika hadithi za upelelezi, alitoa masharti kumi ya fani hiyo, mojawapo likiwa kwamba nguvu zisizo za kawaida zisitumiwe kueleza uhalifu. Katika Uingereza sharti hilo lilikuwa kanuni ya mchezo, kama mstari wa uwanja. Katika Unguja halikuweza kuwa kanuni tu, kwa sababu wahusika wenyewe, na pengine msomaji pia, waliamini kwamba mizimu inaua. Mwandishi aliligeuza sharti likawa kiini cha kisa. Alifanya vivyo hivyo katika riwaya ya pili, kwani Giningi, katika masimulizi ya Kizanzibari, ni mahali wanapokutana wachawi.

Hapa pana hoja nzito inayopaswa kujibiwa. Yawezekana kusema kwamba kitabu kilichotuzwa na taasisi ya serikali ya kikoloni, kinachoonyesha kwamba mizimu haiui, kilikuwa kikitumikia mradi wa wakoloni wa kudharau imani za Waafrika. Hoja hiyo ina nguvu, lakini haitoshi. Kwanza, anayetumia akili si Mzungu wala mtumishi wa Mzungu. Ni Mzanzibari wa kawaida, asiye na cheo, anayekaa barazani na kuzungumza na watu. Pili, dola ya kikoloni kwa umbo la polisi haipewi sifa ya kufumbua fumbo. Tatu, na hili ndilo kubwa, kisa hakisemi kwamba watu wa kale walikuwa wajinga. Kinasema kwamba mtu aliye hai ameitumia heshima ya watu kwa waliokufa kama pazia la kujifichia. Anayeuvunjia mzimu heshima ni muuaji, wala si mpelelezi.

Mafunzo ya msuko

Kutokana na riwaya hizi yanaweza kutolewa mafunzo manne ambayo mwandishi chipukizi wa hadithi za taharuki angefaidika nayo.

La kwanza ni kwamba fumbo lianzie katika maneno ya watu. Kabla ya mpelelezi kuchunguza damu na nyayo, jamii imekwisha kutoa hukumu yake. Mwandishi anayeanza na uvumi anapata mambo mawili kwa pamoja: picha ya jamii na jawabu la uwongo ambalo msomaji atalishika kwa muda mrefu. Jawabu la uwongo lililotungwa na mwandishi peke yake huonekana limebandikwa. Lile ambalo jamii yenyewe ingelitoa halihitaji kutetewa.

La pili ni kwamba siri iwe ya ukoo kabla ya kuwa ya jinai. Fumbo la mauaji katika ulimwengu wa Bwana Msa huelekea nyuma, kwenye ndoa, talaka, urithi na nasaba. Nani mtoto wa nani? Nani alimwoa nani, na nani alilijua hilo? Katika jamii ambayo jina la mtu lina jina la babake na la babu yake, na ambayo haki ya kurithi hutegemea nasaba, swali la uzazi ni swali la mali, la heshima na la uhai. Msuko wa aina hii hauhitaji bastola nyingi. Unahitaji mwandishi anayejua jinsi watu wanavyoishi nyumbani, na mkaguzi wa afya wa zamani alijua.

La tatu linahusu nafasi ya rafiki. Najum yuko pale pale alipo Bwana Msa. Anaona anachokiona na kusikia anachokisikia, lakini hakifasiri. Kwa njia hiyo msomaji hupewa ushahidi wote bila kupewa maana yake. Faida ya mpango huu ni ya kimaadili pamoja na ya kisanaa: mwandishi hasemi uwongo, na mwisho wa kisa msomaji hana wa kumlaumu ila macho yake mwenyewe. Mkataba wa kitendawili umetimizwa.

La nne, ambalo limezungumzwa kidogo mno, ni lugha kuwa chombo cha kuficha na kufichua. Sarufi ya Kiswahili inampa mtunzi wa mafumbo uhuru ambao mwenzake wa Kiingereza hana. Chukua sentensi rahisi: aliingia chumbani, akafunga mlango, akakaa kitandani. Nani? Kiambishi a- hakitofautishi mwanamume na mwanamke, na kiwakilishi yeye vilevile. Mtunzi wa Kiingereza anayetaka kuficha jinsia ya mtu huyo hulazimika kupindisha sentensi, na msomaji mwerevu humshtukia. Mtunzi wa Kiswahili anasema tu kama watu wanavyosema.

Aidha, kuna tofauti kati ya kauli ya kutendwa na kauli ya kutendeka. Shahidi akisema kwamba kikombe kilivunjwa, amekiri kwamba yupo aliyekivunja, hata kama hamtaji. Akisema kilivunjika, amemwondoa mtendaji kabisa. Mlango ulifunguliwa au ulifunguka? Barua ilipotezwa au ilipotea? Marehemu alikufa au aliuawa? Mzungumzaji huchagua mojawapo bila kufikiri, na uchaguzi wake humsaliti. Mtu anayejua kwamba kuna mkono uliofanya jambo, lakini anataka wengine waamini kwamba jambo limejitendekea, atakimbilia kauli ya kutendeka. Na imani ya mizimu, kwa mtazamo wa kisarufi, ni jibu la swali linaloachwa wazi na kauli hizo: mahali pa mtendaji pakibaki patupu, mzimu huingia. Kazi ya mpelelezi ni kurudisha sentensi katika kauli ya kutenda, ili kitenzi kipate mwenyewe.

Maneno ya jamaa nayo hufanya kazi hiyohiyo. Ndugu yaweza kuwa wa tumbo moja, mtoto wa ami au rafiki aliyezoeleka; bibi yaweza kuwa nyanya, mwanamke mwenye heshima au, kwa baadhi ya wazungumzaji, mke. Kila neno la namna hii ni mlango wenye vyumba kadhaa nyuma yake. Mwandishi anayelijua hili anaweza kumwacha msomaji katika chumba kimoja kwa kurasa mia, kisha akafungua kingine bila kubadili neno hata moja. Kutokana na hayo yote ni dhahiri kwamba msuko wa upelelezi ulipohamia katika Kiswahili haukubaki vile ulivyokuwa. Lugha iliupa zana mpya.

Warithi na wahakiki

Baada ya Mzimu wa Watu wa Kale mlango ulifunguka, na Faraji Katalambulla wa Tanzania Bara akatoa Simu ya Kifo mwaka 1965. Katika miaka ya 1970 mambo yalibadilika. Elvis Musiba alipochapisha Kufa na Kupona mwaka 1974, shujaa wake Willy Gamba hakuwa tena mtu wa barazani bali jasusi wa taifa, anayesafiri kwa ndege katika zama ambazo Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Baadaye Ben Mtobwa alimleta Joram Kiango na, katika Dar es Salaam Usiku (1990), jiji lenye taa na giza lake. Taharuki ilitoka nyumbani ikaenda mjini. Swali la nani aliyefanya likaacha nafasi kwa swali la nani atakayepona. Waandishi hawa, ambao Mtobwa alifariki mwaka 2008 na Musiba mwaka 2010, waliwafundisha maelfu ya vijana kusoma kitabu hadi ukurasa wa mwisho, na hilo si jambo la kubezwa. Lakini walirithi mwendo wa hadithi zaidi ya kurithi ufundi wa fumbo.

Kwa upande wa wahakiki, mazingira ya baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 yalidai fasihi inayojenga jamii mpya. Kwa kipimo hicho, riwaya inayouliza nani alimuua tajiri ilionekana kukwepa swali la namna tajiri alivyoupata utajiri wake. Shutuma hiyo ilikuwa na ukweli kwa vitabu vingi vilivyoandikwa kwa haraka ya soko. Kosa lilikuwa kuitandaza juu ya kazi zote kama mkeka mmoja. Mwandishi anayefuatilia urithi, talaka na nasaba hadi katika chanzo cha uhalifu ameigusa mali na namna inavyogawanywa, ingawa hakutumia istilahi za wakati ule. Kugawa riwaya mafungu mawili, dhati na pendwa, kumewafanya wanafunzi waamini kwamba kitabu kinachosomeka kwa raha hakina cha kuchunguzwa. Matokeo yake ni kwamba mojawapo ya maabara bora za nathari ya Kiswahili, ambamo usemi wa baraza la Unguja umehifadhiwa pamoja na mbinu zake za kudokeza na kunyamaza, haijachunguzwa kiisimu kwa kiwango inachostahili.

Hitimisho

Riwaya ya mwisho katika orodha iliyotajwa mwanzoni inaitwa Kosa la Bwana Msa. Ni jina la kutafakari. Baada ya miaka ishirini na minne ya kumwonyesha mpelelezi akifumbua makosa ya wengine, mwandishi aliyekuwa amevuka miaka sitini na mitano aliliweka neno kosa kando ya jina la shujaa wake, jina ambalo pia ni lake mwenyewe. Akili inayochunguza watu wote haina budi kukubali kuchunguzwa.

Somo hilo lina uzito nje ya fasihi. Katika miaka ya karibuni Tanzania imeshuhudia mauaji ya vikongwe waliotuhumiwa uchawi na, hasa katika miaka ya 2000, mauaji ya watu wenye ualbino. Mara kwa mara imani imetajwa kana kwamba imani ndiyo iliyoshika panga. Aliyeisoma Mzimu wa Watu wa Kale kwa makini anajua kwamba panga hushikwa na mkono, kwamba mkono una mwenyewe, na kwamba mwenyewe ana haja yake, iwe ni shamba, fedha au kulipiza kisasi. Sentensi inayosema kwamba kikongwe amekufa kwa sababu ya imani za kishirikina haijakamilika. Inamngoja mtu wa kuuliza nani alitenda.

Mwaka 1960 kijana wa shule aliyekifungua kitabu hicho alifundishwa kuuliza swali hilo kwa Kiswahili, na Mzanzibari mwenye kiko, bila kuambiwa kwamba anafundishwa. Wanafunzi wa leo wa lugha na fasihi wanayo kazi ya kukirudia kitabu hicho na wenzake sita, na kuvisoma mara mbili: mara ya kwanza ili wajue nani alifanya, na mara ya pili ili waone jinsi walivyoambiwa tangu mwanzo wasisikie.